Dumu la Pili

Tangu asubuhi hakuna nzi aliyethubutu kuingia katika chumba cha Inspekta Asajile Mwaisumo. Juu ya meza kulikuwa na chupa mbili ndogo za mafuta ya mwerezi, na Koplo Tulia alikuwa ameshaapa kwamba mjusi wa darini amehamia ofisi ya usalama barabarani kwa sababu ya ile harufu.

Chupa ya kwanza ilichotwa kwenye dumu la Februari. Ya pili ilichotwa kwenye dumu la Julai. Madumu yote mawili, ya lita tatu tatu, yalitoka kwa mtu mmoja: Mzee Yohane Mwakibete wa Kinyala, ambaye huchemsha majani ya mwerezi ndani ya pipa, akaupitisha mvuke kwenye bomba lililolazwa majini, na mwisho wa bomba akakinga mafuta tone kwa tone. Mnunuzi alikuwa Rahima, mwenye duka la sabuni na manukato pale Ibighi. Rahima alinusa dumu la pili, akakunja uso, akaja polisi.

Mzee Yohane alikamatwa jana yake saa tano, msibani kwa jirani, bakuli la maharage mkononi. Asajile mwenyewe ndiye aliyechagua pale. Alijua mzee wa kanisa hawezi kukimbia msiba. Alimsomea kosa lake kwa sauti ya gwaride, mpaka waliokuwa wanalia wakanyamaza ili wasikie vizuri.

"Saa nane mchana jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka," Asajile alisema. "Soma tuone kama limekaa sawa."

Tulia akasoma.

"Kielelezo cha kwanza, dumu la Julai, linanuka tapentaini. Cha pili, chupa ya tapentaini ya lita moja, imekutwa chini ya kitanda cha mtuhumiwa, imebaki nusu. Cha tatu, karatasi ya maabara ya Mbeya. Pineni katika dumu la Februari, ishirini kwa mia. Dumu la Julai, arobaini na sita kwa mia."

"Na pineni ndiyo iliyojaa kwenye tapentaini. Endelea."

"Shahidi Ikupa, mke wa mtoto wa mtuhumiwa, ndiye mkata majani. Amehojiwa mbele ya mtuhumiwa. Amekataa kujibu, amejifunika kanga usoni, amegeukia ukutani. Anaonekana kuwa na hofu."

"Kesi imekwisha."

"Imekwisha, afande. Ila hesabu yangu ndiyo haitaki kwisha."

Tulia alikulia Kiwira, nyuma ya duka la mafuta ya taa, na habari za uchakachuaji alizijua kabla ya kujua herufi. Akageuza daftari ili bosi wake aone.

"Ili pineni itoke ishirini ifike arobaini na sita, kwenye lita tatu, lazima zile lita ziwe na tapentaini kama moja na robo. Nimepiga mara tatu. Chupa yenyewe ni ya lita moja, tena imepungua nusu tu. Nyingine aliitoa wapi?"

"Alikuwa na chupa ya pili. Akaitupa."

"Akaitupa ile tupu, hii yenye ushahidi akaiweka chini ya kitanda?"

Asajile akaichukua chupa ya tapentaini, akaitikisa, akairudisha mezani.

"Mwenyewe alisema ni ya nini?" Tulia aliuliza. "Hapa hamkuandika."

"Alisema anapaka goti."

"Na mbona halimo?"

"Halimo kwa sababu nilicheka."

Tulia hakucheka. Alivuta simu ya mezani akaisogeza mbele ya Asajile, akamtajia namba za maabara moja moja, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Aliyepokea alikuwa Lilian, mkemia aliyepima mafuta yale. Sauti yake ilijaa chumba.

"Afande Mwaisumo? Hatimaye! Karatasi yangu ina kurasa mbili. Wa pili mmeusoma?"

Asajile akafunua. Ukurasa wa pili ulikuwa safi, haujaguswa na kidole cha mtu.

"Ndiyo nausoma," alisema.

"Ndiyo unausoma. Haya, unapika mchuzi?"

"Mke wangu anapika."

"Basi jioni atakuthibitishia. Ukimimina maji kwenye mchuzi, chumvi inapungua, nyanya inapungua, pilipili inapungua, vyote kwa kiasi kimoja. Hayapo maji yanayopunguza chumvi halafu yakaongeza pilipili. Sasa tapentaini ndiyo hayo maji. Tazama mstari wa tatu. Kile kitu kilikuwa kumi na nane, kimeshuka mpaka mbili. Wa tano?"

"Kilikuwa saba. Kimepanda mpaka kumi na moja."

"Kimepandaje kama mzee kamimina tapentaini? Huo si mchuzi uliotiwa maji, afande. Huo ni mchuzi mwingine kabisa. Mafuta ni safi. Ni ya mti mwingine, au ya mwerezi huohuo wa jinsia nyingine. Mierezi ya namna ile, upo dume na upo jike, na kuna miti ambayo dume linapika mafuta yake na jike linapika yake. Si miti yote hufanya hivyo, ndiyo maana siapi. Nileteeni majani."

"Mti una jinsia!" Asajile alianza kucheka.

"Afande, si nasikia wewe ni mtu wa Rungwe? Hujawahi kuona mpapai dume?"

Tulia alipata kikohozi cha ghafla, akaenda kukikohoa dirishani.

"Mbona hukupiga simu kuyasema haya?" Asajile aliuliza.

"Nilipiga jana asubuhi. Nikaambiwa afande yuko msibani, anakamata mtu."

*

Watu wa Ibighi husema Rahima akinusa shati la mumeo anakutajia alikokula mchana, na kama alinawa. Walimkuta dukani, amekaa kati ya mitungi na vichupa, ushungi umefungwa vizuri, sahani ya maandazi mbele yake haijaguswa.

"Mama, uliniambia kwenye dumu kuna tapentaini," Asajile alianza.

"Sikukwambia hivyo. Nilikwambia yananuka kama tapentaini. Wewe hapo ulipo umenyeshewa, unanuka kama beberu. Je, nikuite beberu?"

Asajile akatoa maelezo ya Rahima kwenye jalada. Yaliandikwa wazi: mafuta yana tapentaini. Chini palikuwa na sahihi ya Rahima. Mwandiko wote wa juu ulikuwa wa Asajile.

"Ulisaini, mama."

"Nilisaini bila miwani, nikakuamini." Rahima akaisukuma sahani ya maandazi pembeni. "Niliposikia umemkamata msibani, nilijua pamekosewa neno. Nikanyamaza. Nikasema polisi wanajua kazi yao. Tangu jana sijameza kitu. Yule mzee mwaka wa tatu ananiletea mafuta, hata siku moja hajanidanganya."

"Na hiyo harufu ya 'kama tapentaini' ungeitambua kwa pua yako? Nikikupa majani mabichi, unaweza kusema hili ni la Februari na hili la Julai?"

"Kama majani ndiyo yaliyozaa ile harufu, naweza. Kwanza niambie, nikiweza anatoka?"

"Akistahili, anatoka."

Rahima alishafunga duka kabla sentensi haijaisha.

*

Njia ya Kinyala siku hiyo ilikuwa tope la kumeza gumboti na mguu wake. Gari waliliacha kwenye lami, wakapanda kwa miguu kati ya migomba. Saa yake Asajile ilisema saa tano na nusu.

Pipa la Mzee Yohane lilikuwa chini ya kibanda cha bati, baridi, bomba lake limeshuka kwenye mtaro wa maji. Hatua chache kutoka hapo, mierezi tisa mikubwa ilisimama pamoja. Asajile akavuta tawi. Lilikuwa limejaa vitunda vidogo vya buluu vyenye vumbi jeupe, kama zabibu zilizopakwa unga. Akavuta la mti wa pili. Vitunda. Wa tatu, vitunda. Mpaka wa tisa. Chini ya mti wa katikati kulikuwa na kigoda, na ardhi mbele yake imelainishwa na miguu ya mtu anayekaa hapo kutwa.

"Yote imezaa," Tulia alisema. "Dume liko wapi?"

Ikupa ndiye aliyejua. Lakini Ikupa hakuonekana. Walibisha hodi mpaka Rahima akachoka, ndipo sauti ikatoka nyuma ya jiko.

"Mko wangapi?"

"Watatu," Tulia alijibu.

"Na kwenye gari? Mmekuja naye?"

"Na nani?"

"Naye," sauti ilisema tena. Jina halikutajwa.

"Hatukuja naye," Asajile alisema polepole. "Yuko kituoni."

Ikupa akatoka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono imechanjwa na matawi. Akapiga magoti, akawaamkia wote watatu, "Mugonile," akanyanyuka na kumtazama Asajile usoni moja kwa moja. Jana, ndani ya chumba cha mahojiano, hakuwa amemtazama mtu yeyote.

"Jana hukunijibu hata neno moja," Asajile alisema. "Kwa nini?"

"Mlinitia chumba kimoja na yeye. Mkafunga mlango."

"Nilitaka nione mtakavyo..."

"Afande, kwenu ni wapi?"

"Masoko."

"Huko Masoko mke wa mtoto anakaa chumba kimoja na baba mkwe? Anamtazama, anamtaja kwa jina?"

Mama mzazi wa Asajile, kwa miaka kumi na minane, alipita migombani ili asikutane na babu, baba mkwe wake, njiani. Yeye Asajile, angali mdogo, ndiye aliyetumwa mbele kuangalia kama njia ni tupu. Baadaye alikuja kuhoji watu Dar es Salaam, Tanga na Dodoma, akapandishwa vyeo, akarudi nyumbani, akaandika kwenye jalada la serikali kwamba mwanamke anayemheshimu mkwe wake ana hofu ya mhalifu.

"Siku hizi wengi wameacha," alisema.

"Wengine hatujaacha."

"Nilisahau, mama."

"Ulisahau," Ikupa alisema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Tulia akashika kalamu, kwa sababu mkubwa wake alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

"Dada Ikupa, majani ya dumu la Februari ulikata wapi?"

"Hapo chini, penye pipa. Nakata, mzigo naulaza kwenye lile jiwe, naondoka. Yeye anakuja jioni kuuchukua. Hatukutani."

"Na ya Julai?"

"Mwezi wa tatu goti likamzidi. Kwenda na kurudi hawezi tena, akaleta kigoda, akawa anakaa chini ya ile miti kutwa nzima, analinda pipa lake. Sasa mimi nitakata vipi, kichwani pake? Nikawa napanda kule kwenye kingo ya juu, kuna mierezi mingine. Mzigo nazunguka nyuma, nauacha kwenye jiwe lilelile. Yeye anajua ni majani ya siku zote."

"Ungemtuma mtu amwambie."

"Mume wangu yuko Chunya machimboni. Na majani ni majani, dada. Ningemtuma mtu akamwambie nini, kwamba anakaa njiani mwangu?"

"Huko juu miti inazaa?"

"Haizai. Hata ya hapa chini, ile isiyozaa babu wa mume wangu aliikata yote akafanya nguzo za uzio. Ya juu iliachwa kwa sababu ni mbali kubeba." Akamgeukia Asajile. "Nyumbani kwako ukiwa na mpapai usiozaa, unaufanyaje?"

Hapo ndipo Asajile alipouliza kama anaweza kukaa. Hakungoja jibu, akakaa kwenye gogo.

*

Kingo ya juu ilikuwa na mierezi kumi na mmoja, na hawakupata kitunda hata kimoja. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na vijipumba vidogo vya kahawia. Tulia alipopiga tawi, vumbi la manjano liliruka likampaka kofia. Mpapai dume nao huchanua bila kuleta papai, na hakuna mtoto wa Rungwe asiyejua.

Walirudi na vijitawi vinane, vinne vya juu, vinne vya chini. Asajile aliving'oa vitunda vyote ili asiwepo wa kusema mama alipapasa. Tulia akamfunga Rahima macho kwa kitambaa, akayasaga majani kiganjani mwake, moja baada ya jingine, bila mpangilio. Ikupa akasimama kando, mikono kifuani.

"Februari," Rahima alisema.

Tulia akaandika.

"Julai. Julai tena. Hii Februari, ina utamu kwa nyuma kama ganda la chungwa. Julai. Februari. Hii..." Akanusa mara mbili. "Julai. Februari ya mwisho."

Yote manane yalikuwa sahihi. Tulia, ambaye haamini hata mizani ya mama yake, akasaga la tisa.

"Huo ni mchaichai, Koplo. Usinichezee."

Asajile alitia matawi kwenye mifuko miwili ya karatasi, akaandika mahali, saa, mti na majina ya walioona, akasaini. Yangekwenda kwa Lilian na gari la jioni. Kisha Ikupa akatoa maelezo yake upya, Tulia akamsomea neno kwa neno, mpaka alipokubali ndipo akaweka sahihi.

"Atarudi leo?" Ikupa aliuliza.

"Leo."

"Kule msibani walianza kusema kwamba hata sadaka alikuwa anachakachua." Ikupa alitazama upande wa pipa. "Jumapili hawatamruhusu kukaa mbele. Akirudi bila neno la kumsafisha, atarudi mtu mwingine."

*

Simu ya mkuu wake ilimkuta akiwa bado njiani. Asajile alieleza, na mkuu akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna kosa."

"Hakuna, mkuu."

"Sasa usijitie kitanzi. Andika ushahidi haukutosha. Mtoe kwa mlango wa nyuma, mpe usafiri mpaka kwake, yaishe. Baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka."

"Sawa, mkuu," Asajile alisema.

Rahima, aliyekuwa kiti cha nyuma, alisikia yote. Alifungua kioo cha gari, kama mtu aliyenusa jambo.

Kituoni, benchi la mapokezi lilikuwa limejaa watu wa Kinyala. Akina mama wa kanisa walikuwa na vyombo vya chakula mapajani. Wanaume wawili wa msibani nao walikuwepo. Hao hawakuleta chakula, walileta masikio. Asajile alipita bila kusalimia, akaingia ofisini, akafunga mlango, akavuta fomu. Saa ilikuwa saba na dakika kumi.

Aliandika: Ushahidi haukutosha. Alilitazama lile neno. Mtu ambaye ushahidi wake haukutosha ni mwizi aliyejua kujificha; kila Mnyakyusa kwenye lile benchi angelisoma hivyo, na yeye angelisoma hivyo pia. Akaichana karatasi. Akachukua nyingine, na safari hii aliandika kwa muda mrefu, Tulia akiwa amesimama nyuma yake, hapumui kwa sauti.

Mzee Yohane aliletwa akichechemea. Alikuwa mrefu, koti lake la msibani bado mwilini, na majivu ya jana kwenye mkono wa koti. Asajile alisimama akamsogezea kiti chake mwenyewe.

"Ndaga," mzee alishukuru, akakaa.

"Baba, nina karatasi ya kukusomea."

"Soma, mwanangu. Miwani yangu mmechukua ninyi."

Asajile akasoma. "Mimi Inspekta Asajile Mwaisumo, nimechunguza na kuona kwamba hakuna kosa lililotendeka. Mafuta ya Mzee Yohane Mwakibete ni safi. Dumu la Julai limetoka kwenye mierezi dume, la Februari limetoka kwenye mierezi jike, na harufu zake ni tofauti kwa maumbile yake. Mkwe wake alipanda kukata kule juu ili asimkaribie penye kigoda chake, na Mzee Yohane hakujua. Tapentaini ni ya goti, kama alivyoniambia. Sikuandika aliyoniambia. Sikusoma ukurasa wa pili wa maabara. Nilimweka mkwe wake chumba kimoja naye, nikaita heshima yao hofu. Nilimkamata msibani bila sababu ya kutosha. Kosa ni langu."

Sauti yake ilikuwa imeshuka kila mstari, na hilo neno la mwisho ilibidi Tulia ainame kulisikia.

Mzee Yohane alikaa na goti lake, akilikanda taratibu.

"Kwa hiyo yule binti alikuwa anapanda kule juu kwa ajili ya kigoda changu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Miezi minne, na mizigo." Akatikisa kichwa. "Na mimi nikasema mke wa kijana wangu siku hizi amekuwa mvivu, analeta mzigo kwa kuchelewa. Nilimsema kwa watu. Basi hilo ni langu, nitalitengeneza mwenyewe. Hili lako limeandikwa vizuri."

"Nisamehe, baba."

"Mlango ule unafunguka?"

"Unafunguka. Lakini mkuu amesema upitie wa nyuma, ili watu..."

"Sikuuliza habari za kupita." Mzee akanyoosha mguu wake mbaya, akajiweka sawa kwenye kiti cha Inspekta, kama mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote. "Jana pale msibani ulikuwa na sauti nzuri sana. Hata marehemu alikusikia. Fungua mlango, usome tena."

Asajile alimtazama Tulia. Tulia alikuwa anatazama dari.

Akaenda, akafungua mlango mpaka ukagonga ukuta. Kwenye benchi mazungumzo yakakatika, kifuniko cha chombo kimoja kikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kukiokota. Asajile alivua kofia, akaiweka kwapani. Karatasi akaishika kwa mikono miwili.

Akaanza na jina lake mwenyewe.